Mkanda wa Gari la Coralie

Kila Jumapili asubuhi, Coralie Pascoe alilivua gari lake blanketi. Wiki nzima aliendesha basi la wanafunzi katika mji wa Mildura, polepole, kelele tupu. Jumapili ilikuwa siku yake. Gari lilikuwa la zamani, jekundu, lenye injini ya turbo. Aliachiwa na marehemu kaka yake, Garth. Alikwenda nalo mpaka mtoni, akarudi, akalifuta vumbi na kulifunika tena.

"Unalibembeleza kuliko mimi," mumewe Trevor alimtania.

"Lenyewe halikoromi," akajibu Coralie.

Siku moja alilipeleka gereji kubadilisha oili tu. Akarudi na karatasi ya makadirio ya fundi mkononi. Sevisi kubwa: dola elfu nne na mia sita.

"Mama wee!" Trevor akashika kichwa. "Hiyo ni nusu ya bei ya gari! Liuze, Cora. Yule jamaa wa mji wa Red Cliffs bado analitaka. Nimwambie aje Jumamosi?"

Coralie machozi yalimlengalenga. Kuliuza gari lile kulikuwa sawa na kumzika Garth mara ya pili.

"Siuzi, na sevisi sifanyi," alisema. "Wanataka kubadilisha mkanda wa injini. Wa nini? Mkanda ni wa kilomita laki moja. Gari langu halijafika hata elfu sitini!"

Ng'ambo ya uzio, jirani yao Mick Zammit alikuwa akimwagilia milimau yake. Alikuwa fundi magari miaka arobaini kabla ya kustaafu. Akafunga bomba.

"Nani kasema laki moja?"

"Kitabu cha gari."

"Kilete. Umesoma na mstari wa pili?"

Coralie akakileta, akasoma kwa sauti: "Au kila baada ya miaka minane. Lolote litakalotangulia." Sauti ikapungua.

"Mkanda huu una miaka mingapi?"

"Garth aliubadilisha kabla hajafa. Miaka kumi na tatu."

"Lo! Dada yangu, ule ni mpira. Mpira huzeeka hata ukikaa kivulini. Mimi siku hizi siendi popote, mbona magoti yananiuma? Mkanda ukikatika, vyuma vya ndani vinagongana. Injini kwisha."

Trevor akaguna. "Tatizo ni bei, mzee."

"Mliuliza kipi ni cha sasa na kipi kinaweza kungoja?"

Mume na mke wakatazamana.

"Kwani mtu anauliza?" Coralie akasema.

"Si pesa yenu? Mnauliza!"

Kesho yake wakaenda wote watatu gereji. Fundi, dada mmoja aitwaye Lyndall, hakukasirika hata kidogo. Alichukua penseli.

"Niliandika kila kitu ninachoweza kufanya," alisema. "Mkanda, oili, plagi na maji ya breki ni vya sasa. Shokapu zimechoka kidogo, lakini zitafika mwakani. Kupaka rangi breki ni pambo tu."

"Pambo futa!" akasema Trevor upesi. "Na hii pampu ya maji futa. Haivuji."

"Hapo usifute," Mick akamkatiza. "Pampu iko nyuma ya mkanda. Ikiharibika mwakani, atafungua vitu vilevile, na mtamlipa kazi ileile mara mbili."

Bei ikashuka hadi elfu mbili na mia nne. Coralie alishusha pumzi. Pesa hizo walikuwa nazo.

"Naomba kimoja," alisema. "Vipuri vya zamani nivione."

Ijumaa, Lyndall aliuweka mkanda wa zamani mezani, akaupinda. Nyufa zikafunguka mstari mzima. Meno mawili hayakuwapo.

Trevor akaugusa kwa kidole. "Jumapili iliyopita ulikwenda mtoni na kitu hiki?"

"Nawe ulikuwa pembeni yangu, ukiimba."

Wakacheka mpaka Coralie akatafuta kiti. Kifua chote kilikuwa chepesi. Trevor akatoa simu, akampigia yule jamaa wa Red Cliffs. "Usingoje tena, kaka. Gari haliuzwi. Samahani sana."

"Kuna kingine," Lyndall akasema. Alileta kifuniko cheusi kinachokaa juu ya mkanda. "Nilipokisafisha grisi nikaona maandishi."

Coralie aliutambua mwandiko kabla hajasoma. Ilikuwa tarehe ya miaka kumi na tatu iliyopita, na chini yake: *Miaka minane tu, Cora. Usibishe.*

Miaka yote ile alilifuta gari kwa nje, hakuwahi kufungua boneti. Alilia kidogo, kwa furaha. Mick akajifanya kuangalia matairi.

Siku hizi Coralie anaweka dola hamsini kila mwezi kwa ajili ya sevisi. Shokapu zimeshabadilishwa. Mick hakutaka malipo, ila kila Jumapili anabebwa mpaka mtoni, kiti cha mbele, na Trevor anakaa nyuma akinung'unika.

Na kile kifuniko kilirudi mahali pake. Kabla hakijafungwa, Coralie aliomba kalamu ya wino mzito. Akaandika tarehe mpya chini ya ile ya kaka yake, kisha akaongeza: *Sibishi tena, Garth.*