Magongo Juu ya Kabati

Kila asubuhi, mpaka rangi mmoja alimbeba mkewe mikononi hadi kibarazani. Majirani walimsifu. "Mume ndiye huyo!" Naye alitabasamu kama mgombea udiwani.

Mkewe, fundi cherehani, alichemka moyoni. Alikuwa amevunjika mguu, na plasta ilishatolewa. Hospitali walimpa magongo, wakamwambia atembee. Mumewe akayaweka juu ya kabati. Cherehani akaifunika shuka.

"Utachoka bure, mke wangu. Mimi nipo."

Jioni moja mume alirudi kutoka kazini. Suruali yake iliyochanika gotini ilikuwa imeshonwa. Fundi akaitazama mishono ile. Haikuwa yake.

"Nani kashona?"

"Fundi wa sokoni. Sikutaka kukusumbua."

Hapo hasira zikampanda.

"Umenisaidia au umenizika? Nimevunjika mguu, mikono je? Unatoa, unatoa, kupokea hutaki hata kifungo! Ukinibeba, unasifiwa wewe. Mimi nabaki mzigo!"

"Makosa yangu ni kukupenda?"

"Kosa lako hujaniuliza!"

Mhudumu wa afya wa mtaa alipiga hodi. Alikuja kuuangalia mguu, na kelele alizisikia tangu njiani. Akabonyeza shavu la mguu, akakunja uso.

"Umenyauka huu. Magongo yako wapi?"

Mume akatazama juu ya kabati.

"Shemeji, unamlemaza. Msuli usiotumika hunyauka. Atembee kidogo kidogo, kila siku, kama alivyoelekezwa. Kabla ya kumsaidia, muulize. Na yeye akikupa, pokea."

"Akianguka je?"

"Kaa karibu. Lakini usimnyanyue kabla hajaanguka."

Mume aliyashusha magongo. Siku za kwanza mguu uliuma, na fundi alitembea huku akimfokea. Kila mume aliponyoosha mikono, alisikia, "Mikono nyuma!" Akairudisha nyuma.

Wiki zikapita, mguu ukapata nguvu. Asubuhi moja fundi alifika kibarazani kwa gongo moja. Akaifunua cherehani.

"Vua hiyo suruali."

"Hapa? Watu wananiona!"

"Nilipobebwa hawakuniona?"

Mume akaingia ndani, akatoka na taulo kiunoni. Majirani wakacheka. Fundi akafumua mishono ya sokoni, yote. Akakanyaga cherehani kwa mguu uleule, akashona upya. Kisha akamrushia suruali. Hasira zilikuwa hazijaisha zote.

Mume akapapasa goti la suruali.

"Asante," akasema. Tangu mkewe avunjike mguu, alikuwa hajalitamka neno hilo.