Mtu wa Agutu

Foleni ya kliniki ya saratani asubuhi hiyo ilifika hadi kwenye ngazi. Chenge, fundi friji wa Mkolani, alikuwa amemleta shangazi yake. Agutu alikuwa amejileta mwenyewe. Alivaa gauni la maua na kilemba cha njano kilichofungwa kwa maringo, na hakuna ambaye angejua kwamba chini yake hapakuwa na unywele hata mmoja. Chenge alimpisha kwenye benchi, akamuuliza anamsindikiza nani.

"Najisindikiza," Agutu alimjibu. "Na wewe acha kuniangalia, utamsahau shangazi."

Kweli alimsahau. Shangazi alipomaliza matibabu, Chenge aliendelea kuja, sasa na chupa ya uji wa ulezi, akimchukua Agutu kwenye chumba chake cha kupanga na kumrudisha akiwa hoi baada ya dripu. Jioni walipigiana simu hadi vocha iishe. Yeye alimwita mpenzi. Agutu alimwita fundi wangu, na Chenge alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yake.

Kisha ikaja Jumanne mbaya. Siku hizo kila mgonjwa, kabla ya kumwona daktari, alikaa kwanza na Bernadeta, afisa ustawi wa jamii, aulizwe mambo ya nyumbani: anakula nini, nauli anapata wapi, akizidiwa nani yupo. Agutu alijibu vizuri hadi hilo la mwisho.

"Sina mtu," alisema.

Chenge alikuwa mlangoni na chupa yake. Aliiweka chini taratibu akaondoka, na simu hakupokea tena. Hasira za kijinga hizo, lakini zilimuuma kweli. Hakujua kwamba kwa malezi ya nyumbani kwao Agutu, kule Shirati, binti hamtaji mwanaume ambaye hajafika kwa baba yake, sembuse mbele ya mtu wa serikali. Naye Agutu alidhani jambo hilo kila mtu analijua.

Bila wa kumshika mkono, alikosa dripu, akakosa na nyingine. Aliporudi kwa Bernadeta alikuwa amekonda, kilemba kimelegea.

"Dada, lile jibu halikuwa kweli," alisema. "Mtu ninaye. Mpigie wewe, yangu hapokei."

Chenge alifika na mafuta ya mashine mikononi. Agutu akamweleza yote, wakalia pale ofisini bila aibu. Daktari alipowaita, habari yake ilikuwa fupi: ugonjwa umesambaa, kilichobaki ni kutuliza maumivu.

"Twende kwa baba," Chenge alimwambia. "Ukanitaje."

Mzee Owuor aliitikia shikamoo ya mgeni, kisha akamuuliza binti yake huyu ni nani.

"Ni mtu wangu, baba," Agutu alisema, na uso wake ukachangamka.

Agutu alifariki kabla mahari haijazungumzwa. Chenge hakuacha kujiuliza kuhusu zile dripu mbili, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya mazishi alikwenda kliniki kumshukuru Bernadeta. Foleni ilikuwa ile ile. Bernadeta aliyatazama mashavu yake yaliyobonyea, akamkalisha, akamuuliza amekula nini tangu jana, na pale nyumbani yupo nani.

Chenge aliangalia kiti cha pembeni.

"Sina mtu," alisema.