Msonyo wa Traian

Asubuhi Traian alikula ugali kwa jibini, kisha akaongozana na mkwewe, Ilinca, mke wa mwanawe, kwenda kiwandani. Kilikuwa kiwanda kidogo cha mbao kule mkoani Maramureș, na msimamizi alikuwa Traian. Wakati huo walikata vigae vya mbao vya kuezekea kanisa. Padri alivitaka kabla ya sikukuu.

Ukutani palikuwa na bango: ZIMA MSUMENO KABLA YA KUTOA KIPANDE KILICHOKWAMA. Traian alilibandika mwenyewe. Lakini kila msumeno uliponyamaza, alisonya. Hakugomba wala hakutisha mtu. Alisonya tu. Waliokuwa mbali hawakumsikia, wakaendelea kuzima. Waliokuwa karibu walisikia, wakawa wanachomoa vipande huku msumeno unazunguka. Meza ya Ilinca ilikuwa ya karibu kuliko zote.

Siku moja msumeno ulimkata Ilinca ncha za vidole viwili.

Smaranda, mwalimu wa usalama kazini, alikuja kumwona Ilinca nyumbani. Traian akawahi kujitetea kwamba bango lipo, watu ndio hawasikii. Smaranda akamgeukia Ilinca.

"Kwa nini hukuzima, mwanangu?"

Ilinca aliinamisha kichwa. "Baba husonya. Mimi ni mkwe hapa. Nikimuudhi mchana, jioni nitakaaje naye mezani?"

Traian alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mzee Traian," alisema Smaranda, "bango halina uso. Wewe unao, na aliye karibu nawe ndiye anayeusoma zaidi."

"Basi sitasonya tena."

"Hiyo haitoshi. Zima wewe mwenyewe, wakuone. Subiri msumeno usimame kabisa. Toa kipande kwa kijiti, si kwa mkono. Na anayezima, mshukuru."

Traian alifanya hivyo kila siku. Kuzima kulikuwa rahisi. Kushukuru kulimtoa jasho. Hata hivyo, meza za karibu nazo zikaanza kuzima, na hakuna aliyeumia tena. Vigae vilichelewa. Padri aliponung'unika, Traian alimwambia kosa ni lake, si la wafanyakazi.

Ilinca aliporudi kazini, kipande kilikwama kwenye msumeno wake. Akauzima, akasubiri. Kiwanda kizima kikatega sikio.

"Asante, mwanangu," alisema Traian. Alitaka kumtazama alipokuwa akisema hivyo, lakini macho yake yaliangukia ule mkono, akageuka upande.