Msasa Kwenye Bunduki ya Babu

Kitu cha kwanza Rhetta Stockwell alichokiona ni mikono, na mikono yenyewe ilikuwa nyuma ya mgongo. Siku hiyo ukumbi wa maonyesho ya bunduki pale Tulsa ulijaa mikono inayopapasa. Wenye ndevu walinyanyua bastola kuzipima uzito, akina mama walifungua na kufunga mikoba ya ngozi, vijana walilenga dari. Huyu mmoja alifungia mikono yake nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Akainama juu ya meza yao, akasogeza pua kwenye kitako cha bunduki ya marehemu babu yake Rhetta, akanusa.

"Mti wa jozi," akasema. "Na mafuta ya kitani. Aliyepaka alipaka kwa kiganja, hakutumia kitambaa."

"Haiuzwi," Rhetta akasema.

"Unasemaje?"

Alikwishazoea. Sauti yake ilikuwa ndogo, na tangu utotoni watu walimwuliza swali hilo. Karakanani alikoshona maturubai ya malori waliacha hata kumwuliza, wakawa wanamwonyesha vidole tu. Akarudia, masikio yakimwaka moto, "Haiuzwi. Imekuja kutembea."

"Basi tuko sawa. Mimi pia nimekuja kutembea. Nilifuata harufu ya mikate ya kukaanga pale nje, nikajikuta humu ndani."

Alikuwa mrefu, shati lake la samawati limekunjwa hadi viwikoni, na gundi kavu imemganda kwenye saa ya mkononi. Jina lake Vaughn Amsler. Alikuwa na duka la kufufua samani kuukuu katika mtaa wa kumi na moja.

Mjomba Orrin, mwenye meza, alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kijana, bunduki hainuswi. Ishike."

"Sijawahi kushika, mzee. Na mwenyewe hajaniruhusu."

Orrin akamgeukia mpwa wake na kumnong'oneza, lakini minong'ono ya Orrin husikika hadi barabarani. "Huyu ana adabu. Mpe namba ya simu."

Akampa. Jioni ile ile simu ikalia.

"Nilidhani umenipa namba ya mjomba wako," Vaughn akasema.

"Nilifikiria kufanya hivyo."

"Unasemaje? Kuna upepo."

"Nimesema nilifikiria kufanya hivyo."

Vaughn akacheka mpaka akakohoa. Rhetta, ambaye hakuwahi kumchekesha mtu kwa makusudi, aliketi ukingoni mwa bafu na simu sikioni, akitabasamu peke yake kama mwehu.

Miezi ikasonga. Walikula mikate ya kukaanga iliyojazwa maharage na nyama, wakatembea kando ya mto Arkansas huku upepo ukiwapokonya kofia, na kila Jumamosi Rhetta alimpeleka uwanja wa shabaha nje ya mji. Huko Vaughn alimwona mtu mwingine. Rhetta alifika na jinzi iliyopauka magotini na shati la mirabaraba, nywele amezisokota chini ya kofia, akalala kifudifudi kwenye mkeka. Mbali kule walisimama wanyama wa chuma, kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo. Mlio wa risasi, kisha kimya kidogo, kisha *ting*, na kondoo ameanguka.

"Mpenzi, nikumbushe nisigombane nawe," Vaughn akasema.

"Kelele zako zinawatisha kondoo."

Siku ya kwanza Vaughn alipopiga, alikosa kila kitu isipokuwa mlima uliokuwa nyuma yao. Akavuta komeo la bunduki, akachungulia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, akampa Rhetta. "Haina kitu. Umeniona nikitazama."

Rhetta akaipokea, akavuta komeo, akatazama, akatia kidole ndani ya chemba kuhakikisha.

Uso wa Vaughn ukashuka. "Huniamini?"

"Si wewe. Anayetoa hutazama, na anayepokea hutazama. Hata kama kamwona mwenzake akitazama."

"Hata mke na mume?"

"Hasa mke na mume."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Akainama kuokota maganda ya risasi ambayo yangeweza kusubiri.

Tatizo lilianza Jumapili moja, mezani kwa mama yake Vaughn. Mama Imogene alivaa gauni la maua na kidani cha lulu. Alipika kuku wa kukaanga, maharage mabichi na pai ya njugu za pikani, na alimpenda Rhetta kwa namna mama anavyompenda msichana ambaye mwanawe huenda akamwacha.

"Vaughn ananiambia una bunduki," akasema, akimwekea paja la kuku. "Si moja."

Rhetta akaitika kwa kichwa.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Mwenye gari la mbio haulizwi anamkimbia nani. Mvuvi haulizwi samaki walimkosea nini. Babu alimlea kwa bunduki ile kama wengine walivyolelewa kwa kinanda, asubuhi baada ya asubuhi, pumua, tulia, bonyeza. Na pale kwenye mkeka palikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemwambia arudie. Yote hayo yalipanda hadi kooni, yakakwama kwenye kuku.

Mama Imogene akaweka uma chini. "Nilikuwa na kaka, Lyle. Rafiki yake alimwonyesha bunduki jikoni kwetu. Akasema haina kitu." Akakunja kitambaa chake mara nyingi. "Sitaki kitu hicho katika nyumba ya mwanangu. Nakuambia sasa, kabla hatujazoeana zaidi."

Hapa Rhetta alikuwa na la kusema zaidi kuliko pale kwanza. Midomo ikafunguka. Lakini Vaughn, aliyependa kila mtu aondoke mezani ameshiba na ana furaha, akamtangulia.

"Mama, ile ni ya kumbukumbu tu. Siku moja tutaitundika ukutani, basi."

Rhetta akamtazama, akafunga mdomo. Garini aliegemeza kichwa dirishani njia nzima. Vaughn akadhani amechoka.

Bunduki ya babu ilikuwa na ufa mdogo kwenye kitako. Juma lile Vaughn aliomba aiunge kwa gundi. Gundi aliijua kuliko mtu yeyote mjini, na Rhetta akakubali, maana alitaka kuamini kwamba ya mezani yamepita. "Ufa tu," akamwambia. Vaughn akasema, "Ufa tu," na wakati huo alimaanisha hivyo.

Alipomwita kuja kuichukua, alikuwa amewasha taa zote za duka na kuvaa shati safi. Orrin alikuja naye, kwa kuwa alisikia kuna kahawa. Bunduki ililazwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Fumbeni macho," Vaughn akasema. "Haya, fumbueni."

Kitako kilimeremeta kama meza ya hotelini. Ufa haukuonekana. Wala halikuonekana doa jeusi ambalo shavu la babu lilikuwa limeliacha kwa miaka arobaini, wala bonyeo lililotokana na mlango wa lori, wala mikwaruzo ya bibi aliyekuwa akiiegemeza kwenye jiko la kuni. Msasa ulipita mahali pote, kisha vanishi, tabaka juu ya tabaka.

Mjomba Orrin akavua kofia kama anayepita matangani.

"Nini?" Vaughn akauliza. "Imekuwa mbaya?"

"Kijana," Orrin akasema polepole, "kuna watu huombewa na kanisa zima kwa kosa dogo kuliko hili."

"Rhetta, sema kitu. Nitukane basi."

Rhetta alisikia sauti moja tu kichwani, *tutaitundika ukutani*. Aliona wazi sasa, au alidhani anaona. Ameitengeneza imfae mama yake. Ameifanya pambo. Kesho ataanza kunipiga msasa mimi. Akavuta komeo, akatazama chemba kwa mazoea, akaikumbatia bunduki na kutoka.

Vaughn alipiga simu asubuhi, akapiga mchana. Rhetta aliiacha ilie juu ya rundo la maturubai mpaka mwenzake akauliza kama ni polisi. Ujumbe wa mwisho aliusikiliza akiwa amesimama.

"Basi nimeelewa. Unapenda chuma kuliko watu. Mimi nilikaa na kile kipande cha mti kama ninavyokaa na mgonjwa, na wewe hata neno moja hukunipa. Ukipata neno, unajua nilipo."

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa kubwa mno kupita mlangoni.

Jumamosi ya mashindano ya klabu, Orrin alimwazima bunduki nyingine. Rhetta akaikataa. Akashuka garini na ile ile inayong'aa, na wanaume wakaanza.

"Rhetta, umetuletea meza ya sebuleni?"

"Weka glasi juu yake, tuone kama itaacha alama."

"Nani kaiua, maskini?"

"Ni yangu," Rhetta akasema, na hata kabla ya mkeka hakuna aliyemwambia arudie. "Anayetaka kuicheka aicheke baada ya kondoo."

Akalala kwenye mkeka. Vanishi iliteleza shavuni, baridi, ngeni, kama kulala kwenye mto wa mtu mwingine. Pumua. Tulia. Kuku akaanguka. Nguruwe akaanguka. Chini ya vanishi mtutu ulikuwa ule ule, na kifyatulio kilikuwa na uzito ule ule ambao kidole chake kilijua kabla hakijajua kuandika. Bata mzinga. Alipofika kwa kondoo wa mwisho hakuna aliyekuwa akicheka. *Ting.*

Alipoinuka na kuvua vikinga masikio alimwona Vaughn nyuma ya kamba ya watazamaji, mikono amefungia mgongoni.

"Mjomba wako alikuja dukani," Vaughn akasema. "Alikaa kwenye kiti ambacho gundi haijakauka, akanieleza kila alama moja baada ya nyingine. Ile ya shavu. Ile ya lori. Ya bibi na jiko." Akainamisha kichwa. "Kazi yangu ni kuondoa alama, Rhetta. Watu huniletea vitu ili niondoe alama. Sikujua kuna zisizoondolewa."

"Ulitaka imfae mama yako."

"Mama?" Alishangaa kweli, mpaka mikono ikatoka mgongoni. "Mama hakuwamo kabisa. Mimi nikipenda kitu nakipiga msasa. Ndivyo nilivyo. Ungekaa kimya kwa muda mrefu ungeamka umepakwa vanishi."

Orrin, aliyekuwa anajifanya anahesabu nguruwe, akacheka puani.

"Na ukutani?" Rhetta akauliza.

Vaughn akakwangua gundi kwenye saa yake. "Hapo nilikosea. Nilitaka amani ya chakula cha mchana, nikainunua kwa kitu chako."

 Rhetta akavuta komeo, akachungulia ndani, akamwonyesha, akamnyooshea bunduki.

Vaughn akaipokea. Hakuitazama vanishi. Alielekeza mtutu chini, kidole mbali na kifyatulio, akavuta komeo yeye mwenyewe, akatazama, akatia kidole ndani ya chemba.

"Huniamini?" Rhetta akauliza, na machozi yakawa karibu.

"Si wewe," Vaughn akasema. "Nasikia ni hasa kwa mke na mume."

"Unaniposa kwenye foleni ya watu wenye risasi?"

"Nimeona hapa ndipo unaposikika."

Rhetta akaifuta pua kwa mkono wa shati. Jibu la posa hakulitoa pale. Alisema, "Kesho ni Jumapili. Twende kwa mama yako. Lakini safari hii usinisemee."

Mama Imogene alifungua mlango akiwa na aproni, na macho yake yakamwambia mwanawe kwamba hakuwatarajia wote wawili. Hata hivyo sahani ya tatu ilikuwapo mezani. Walikula viazi kwa muda, wakisikiliza upepo ukitikisa madirisha.

"Basi," mama akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Mmekitupa kile kitu?"

Vaughn akafungua mdomo. Rhetta akaweka mkono juu ya goti lake chini ya meza, naye akaufunga.

"Mama," Rhetta akasema.

"Unasemaje, mwanangu?"

Akavuta pumzi. Akatulia, kama babu alivyomfundisha.

"Nasema hatujaitupa, na haitatundikwa ukutani. Itakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na Jumamosi itatoka. Siku ile uliniuliza naogopa nini, nikakaa kimya, ukadhani ni aibu. Haikuwa aibu. Pole kwa kaka yako Lyle, mama. Yule rafiki yake alisema haina kitu, na hakuna aliyetazama. Mimi natazama. Akinipa mwanao, natazama. Nikiwa nimeiweka mwenyewe dakika ile, natazama. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Naipenda bunduki ya babu, na mlio wake, na wale kondoo wa chuma, na sitaona haya mbele ya mtu kwa hilo. Na mwanao nampenda. Nilimpenda alipoinama mezani kwetu mikono ikiwa mgongoni, kabla hajajua jina langu, na sijawahi kumwambia. Namwambia sasa, na wewe ukisikia, na hilo ndilo jibu la posa yake."