Vani Isiyosikia Barabara

"Wahenga walidanganya," Fons alisema. "Kimya kingi hakina mshindo wowote. Kina hela."

Saa tatu asubuhi, Jumapili. Gereji nyuma ya baa, nje kidogo ya mji wa Aalst. Fons aliupiga ngumi ubavu wa vani. Puu. Bati halikulia. Wiki nzima alikuwa akibandika ndani mpira mzito, sponji juu yake, kisha zulia. Gundi ilikuwa bado mbichi. Mnunuzi alitaka njiwa sita wa mashindano, kila unyoya mzima, na njiwa akisikia ngurumo ya tairi hujipigapiga mpaka avunjike bawa.

"Wannes atakaa nao nyuma. Kila dakika kumi, ujumbe."

"Mdogo wangu si njiwa," alisema Greet, dereva.

"Kweli. Njiwa ana bei."

Wannes alicheka. Greet hakucheka.

Saa tano na dakika ishirini. Mtaa mzima ulikuwa bustanini, shingo juu, midomo imefungwa, ukingoja njiwa wa mashindano warudi kutoka Ufaransa. Saa hiyo hata anayekohoa hutukanwa. Nyuma ya nyumba ya mfugaji mmoja Wannes alikata kufuli la banda, akatoa njiwa sita waliobaki. Dakika nne. Hakuna aliyegeuka.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Barabara kuu. Ujumbe: *Wazima. Gundi inanikaba.*

Saa sita kasoro robo. Kimya.

"Mtandao huo," Fons alisema.

"Matundu ya hewa uliyafanyaje?"

"Nimeziba yote. Hata tundu dogo kama sarafu linaingiza kelele ya..."

Greet aligonga ukuta nyuma ya kiti. Hata kama Wannes angejibu, asingesikia.

"Usisimame! Pale darajani kuna polisi. Nikikosa hao ndege yule jamaa atanichinja!"

"Wannes anakufa, Fons."

Bastola ya Fons ikamgusa ubavuni. Greet akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pua ya Fons ikapasukia kwenye dashibodi, bastola ikaanguka.

Greet alipofungua mlango wa nyuma, Wannes alimwangukia, midomo ya bluu. Alikuwa amefungua vikapu, ndege wapate pumzi. Wanne walipita juu ya kichwa cha Greet, wakazunguka mara moja, wakashika njia ya kwao. Wawili hawakuamka.

Alimlaza nduguye kwenye lami, akampulizia mdomoni. Mara tatu. Mara ya nne. Wannes akakohoa.

Polisi walikuja mbio kutoka darajani. Fons alikuwa magotini, damu mpaka kidevuni.

"Umeniua, Greet. Sema hata samahani."

Greet alikuwa amekipakata kichwa cha Wannes. Aliwanyooshea polisi mikono yote miwili, tayari kwa pingu.

"Sisemi, Fons."