Kampuni Ilipokuja Kukaa Chini ya Mkeka

Feri ilikuwa imeshafungua kamba pale Salelologa, kisiwa chetu cha Savaii, huku Samoa, kinaanza kubaki nyuma yetu, ndipo binti aliyekaa pembeni yangu akanigeuzia simu yake.

"Bibi Moelagi, ukurasa wako umekufa."

Nikacheka. Nikamwambia ukurasa wa misiba haufi, kazi yake ni kutangaza wanaokufa wengine.

Yeye hakucheka.

Nikachomoa simu yangu. Kiduara cheupe kikazunguka... kikazunguka... halafu maandishi: tovuti hii haipatikani.

Wadau, niwaambieni siku hiyo ilikuwa siku gani. Nilikuwa nakwenda Apia, mji mkuu wetu, kwa mdhibiti wa mawasiliano, nisimame mbele ya watu niseme kampuni ya mtandao ya Tavae isipewe ruhusa ya kutuchagulia tufungue nini na tusifungue nini. Ushahidi wangu wote ulikuwa ukurasa ule. Na ndio huo, haufunguki!

Nikampigia mdogo wangu wa kiume, Iakopo. Tumbo moja, baba mmoja. Ndiye fundi mkuu wa Tavae upande wetu wa Savaii, na ufundi huo aliusomea kwa jasho langu.

"Hitilafu ndogo tu hiyo, Dada," akasema. "Wewe nenda kaseme yako. Nitaishughulikia."

Nikamshukuru.

Mmenisikia? Nilimshukuru.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mtu wa njiani. Shule nimeisoma vipandevipande, kipande hapa, kipande kule, kingine sikukimaliza. Nimefungasha samaki ng'ambo Pago Pago, nimechuma matufaha Hastings, nimedeki ofisi za watu Auckland, nimelea wazee wa Kizungu Salt Lake. Mama yangu alifariki nikiwa juu ya ngazi nachuma matufaha. Habari ilinifikia kaburi limeshaota majani.

Kitu kile kilikaa hapa kifuani, hakikutoka.

Kule Auckland kulikuwa na mwalimu wa kompyuta kwenye chuo nilichokuwa nadeki. Aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa lake, mradi ndoo yangu isipige kelele. Nikatoka pale na ujuzi wa kutengeneza ukurasa mmoja. Mmoja tu, lakini ndio nilioutaka.

Niliporudi kijijini kwetu Fagasoa nikaufungua. Mtu akifariki, ndugu zake wanaingia mle wanaandika jina, kijiji na siku ya mazishi. Mimi nahakikisha, naweka wazi. Mtoto aliyeko Sydney au Carson anaona, anakata tiketi, anawahi kumtupia mzazi wake udongo. Bure kabisa. Sijawahi kumtoza maiti.

Basi Tavae wakaleta kitu kinaitwa Bando la Aiga, yaani bando la familia. Bei ya mkate! Kijiji kizima kikahamia huko, mimi mwenyewe nikiwemo. Kumbe kwenye bando lile wao wanaweza kufunga ukurasa wowote wasioupenda. Na wao walikuwa wameanzisha ukurasa wao wa misiba. Wa kulipia.

Hapo ndipo nilipogeuka jiwe kwenye njia yao.

Haya, turudi Apia.

Nikasimama, nikasema ukurasa wangu umefungwa. Meneja wa Tavae, Garrick, mtu wa Perth anayevaa mashati ya maua kutushinda sisi wenye mashati, akafungua kompyuta yake palepale mezani.

"Huu hapa, Mama. Mbona uko hewani?"

Na kweli ulikuwa hewani. Pale ofisini walikuwa na mtandao kamili, si bando la mkate. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema kikao kiahirishwe, jambo lichunguzwe. Nikarudi Savaii nimeonekana bibi mwongo asiyejua kubonyeza simu.

Mnaona ubaya wake? Ulifungwa kwetu tu vijijini. Ughaibuni ulikuwa unafunguka vizuri, unang'aa, ila hakuna jipya linaloingia. Sisi tunaandika vifo vyetu kwenye kurasa za zamani zilizobaki wazi kwenye simu zetu, maneno yanazama. Wao kule wanafungua, hawaoni jina, wanadhani nyumbani wote wazima.

Ndani ya wiki hiyo akafariki Mzee Ulisese, jirani yangu, mtu aliyekuwa akiniletea magimbi bila kuombwa. Mwanawe wa pekee, Luaiva, yuko Brisbane. Ndugu waliandika jina la mzee kwenye ukurasa wa namna hiyo, wakabonyeza kutuma, wakaridhika kwamba binti ameshajua. Mimi nikajua wao wamempigia. Wao wakajua mimi nimemfikishia. Tukamzika tukiangalia barabara ya uwanja wa ndege.

Luaiva alinipigia baadaye, aliposikia kwa mtu baki kanisani kwao.

"Shangazi, nilikuwa naufungua kila asubuhi. Jina la baba halikuwepo. Nikasema asante Mungu, nikaenda kazini."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Habari ikafika kwa machifu wa kijiji. Wakakaa kikao, na walipotoka, walitoka na neno. Mnara wa Tavae umesimama juu ya ardhi ya kijiji, kule kilimani juu ya kanisa. Wakafunga jani la mnazi kukata njia ya kupandia. Kwetu jani hilo likishafungwa hakuna wa kulivuka, awe fundi, awe polisi. Jenereta la mnara likakauka mafuta, na nusu ya Savaii ikawa kimya. Hakuna bando la mkate, hakuna bando la nyama.

Mzee Asuelu, mkubwa wa machifu wetu, alikuja mwenyewe kunipa taarifa. Akasema jani halifunguliwi mpaka ukurasa wangu ufunguke kwa kila mtu, mwenye bando kubwa na mwenye bando la mkate.

Nikajua tumeshinda. Garrick alipiga simu kila mahali. Alituma wanasheria, wakaishia kwenye jani. Alituma katoni za samaki wa kopo, zikarudishwa na ujumbe kwamba Fagasoa tuna bahari.

Halafu asubuhi moja, umande haujakauka, naamka nakuta mtu amekaa chini mbele ya nyumba yangu.

Amejifunika mkeka mwembamba wa heshima, ule unaofumwa miaka, umemfunika kichwa mpaka magoti. Mbele yake kuni na mawe ya kuchomea chakula. Maana yake kila Msamoa anaijua: nimekukosea, kuni hizi hapa, mawe haya hapa, ukitaka nichome. Tunaita ifoga. Watu wamewahi kusamehewa damu kwa njia hiyo.

Gari la Tavae limesimama barabarani, vioo vyeusi, injini inanguruma. Nikasema moyoni, Garrick amefundishwa na nani haya?

Sheria yake ni moja. Ukiinua mkeka, umesamehe. Si wewe tu, kijiji chote kimesamehe, na hakuna wa kulifufua jambo tena. Usipoinua, mtu anakaa palepale.

Nikaandaa chai. Nikakaa kibarazani, nikanywa.

Kijiji kikakusanyika. Mzee Asuelu akaniuliza nasemaje. Nikamwambia afungue ukurasa kwanza, mkeka baadaye. Akatikisa kichwa kukubali, akasema haki ni yangu. Mke wa mchungaji akaja kuninong'oneza kwamba Bwana Yesu alisamehe upesi. Nikamjibu Bwana Yesu alilala kaburini mpaka siku ya tatu, huyu hata chai yangu haijapoa.

Jua likapanda. Wanawake chini ya paa la jirani wakaanza kejeli, mmoja anasema Mzungu anaiva taratibu, mwingine anasema mgeuzeni asiungue upande mmoja. Nilicheka nao. Sikatai, nilicheka.

Jua likafika utosini. Mkeka ukaanza kutikisika. Ukaegemea upande... ukarudi... ukaegemea tena.

Kisha ukaanguka. Kichwa kikagonga lile rundo la mawe. Niliusikia mlio wake.

Wadau, sijui miguu yangu ilifikaje pale. Kikombe nilikitupa, hilo najua kwa sababu nilikuta vipande vyake baadaye. Nikapiga magoti, nikauvuta ule mkeka, mtu apate hewa.

Nyuma yangu nikasikia kijiji kizima kikishusha pumzi. Mzee Asuelu akaanza palepale kutoa maneno ya kupokea radhi. Afanyeje? Mkeka umeinuliwa.

Na mimi mikononi nimeshika kichwa cha mdogo wangu.

Iakopo! Uso kama majivu, midomo imepasuka, damu inamtoka juu ya sikio.

Kwetu kaka hamkalii dada yake mbele, hamwinulii sauti, haachi mtu amtukane. Kaka ni ukuta wa dada. Sasa ukuta wangu huo hapo, umelala juu ya kuni za Tavae.

"Iakopo. Ni wewe uliyeufunga?"

"Nilibonyeza mimi, Dada."

"Siku ile nimekupigia nikiwa kwenye feri?"

Akafumba macho. "Nilikuwa nimeshabonyeza."

"Na hapa wamekutuma, au umejileta?"

"Vyote viwili."

Kioo cha gari kikashuka. Garrick akatoa mkono na simu yake, akatupiga picha, kioo kikapanda. Kule ndani kulikuwa na kiyoyozi.

Mchana huohuo jani likafunguliwa, mafuta yakapandishwa mnarani. Nilimwendea Mzee Asuelu nikamwambia nimetegwa, sikujua. Alikuwa anatazama pembeni.

"Umeinua, Moelagi. Mimi sina la kuongeza."

Kikao cha pili Apia hakikuchukua muda. Walionyesha picha yetu ukutani, kubwa kama shuka: mimi nimepiga magoti, kichwa cha mdogo wangu mapajani, mkeka umetupwa kando. Wakili wa Tavae akasema mlalamikaji ameshapokea radhi kwa mila za kwao mwenyewe, na kampuni inaziheshimu sana mila. Mwenyekiti ni Msamoa. Nilimwona akiitazama ile picha kwa uchungu kabisa. Akasema lililomalizwa chini ya mkeka yeye hawezi kulifungua juu ya meza.

Malalamiko yakafutwa. Bando la Aiga likapita kama lilivyo.

Nikamkuta Iakopo kwenye korido, amevaa shati jipya lenye nembo ya Tavae, bandeji bado iko juu ya sikio.

Nikamuuliza nani aliwapa akili ya mkeka, maana Garrick yule hata kukaa chini hajui.

"Mimi," akasema. "Walitaka akae Garrick. Nikawaambia akikaa yeye, utamwacha mpaka jua lizame."

"Wewe je?"

"Hata mimi ungeniacha, kama ungejua ni mimi. Nikawaambia dada yangu hawezi kumtazama mtu anaanguka. Hata awe nani."

Nikashika ukuta.

"Iakopo, niambie ukweli. Siku ile ulianguka, au ulijiangusha?"

Akaangalia viatu vyake.

"Jua lilikuwa kali, Dada."

Basi. Sikumuuliza tena, mpaka leo.

Wadau zangu, mimi si msomi, nitasema nilichokiona. Watu husema mtandao umefunga, mtandao umegoma. Mtandao haufungi kitu. Anayefunga ni mtu, ana jina, pengine mmenyonya ziwa moja. Na anayemtuma anajua udhaifu wenu wa kifamilia, anautumia kama ufunguo. Ukiletewa bando la bei ya mkate, uliza kwanza nini hakifunguki. Na ukiletewa radhi, uliza kilichochukuliwa kimerudi? Kama hakijarudi, usiiguse, hata ikianguka mbele yako.

Nasema hivyo. Ila najijua, ikianguka tena nitakimbia tena.

Garrick alipandishwa cheo, yuko Fiji. Mwenyekiti wa mdhibiti amestaafu, amefungua duka la vifaa vya ujenzi. Iakopo alipewa usimamizi wa mitambo ya Savaii yote, akaushika kwa muda, kisha kazi hiyo ikahamishiwa Suva, hukohuko Fiji, na yeye akaachishwa. Sasa anaendesha teksi Apia. Mzee Asuelu alifariki mwaka jana, akatangazwa kwenye ukurasa wa Tavae, familia ililipa. Luaiva alikuja mara moja, akapaka chokaa kaburi la baba yake, akarudi Brisbane. Hanipigii.

Ukurasa wangu upo. Auckland unafunguka, Sydney unafunguka. Fagasoa, kwa bando la mkate, haufunguki.

Mimi niko Pago Pago, nafungasha samaki.