Kabla ya Kuja Eufrazia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Hamisa aliteka maji katika kisima cha mtaa wao, Temeke. Kwa kawaida wanawake walitaniana huku wakivuta kamba. Juma lile walikuwa kimya. Watoto wa mtaa walikuwa wakiharisha, na mtoto wa Chausiku alikuwa amezikwa Ijumaa. Nyumbani, Jabiri, mdogo wake Hamisa, alilala macho yamemwingia ndani.

Alasiri moja watu walijaa mbele ya nyumba ya Eufrazia, mjane kutoka kusini aliyehamia pale mwanzoni mwa masika, akawa anauza vitumbua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nassibu, hodari wa kusema, alipaza sauti.

"Kabla ya kuja huyu, nani aliumwa?"

"Hakuna!"

"Amekuja, tunazika. Basi nani anatuua? Anayemtetea ni mchawi mwenzake!"

Watu walinguruma. Mmoja alishika debe la mafuta ya taa. Hamisa alimwona baba yake, Mzee Mwishehe, ana panga. Akamvuta kanzu.

"Baba, hata mvua zilianza alipokuja. Nazo kazileta yeye?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Na kama ni vitumbua vyake, Jabiri hajawahi kuvionja. Wenzangu wa shule wanaokaa ng'ambo ya bonde wanavila kila siku, na ni wazima. Ila wao hawateki maji kisimani kwetu."

Baba alimtazama. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa Eufrazia, akaegemeza mgongo wake pale.

"Kwanza tukakitazame kisima," alisema.

"Nawe ushalogwa!" Nassibu alifoka.

Hakuna aliyesogea. Ndipo Chausiku akatangulia, wengine wakamfuata.

Nyuma ya kisima, mvua ilikuwa imebomoa choo cha shimo. Maji machafu yalikuwa yakichuruzika kisimani. Chausiku aliketi kwenye tope, akalia.

Bwana afya alikuja, kisima kikafungwa. Jabiri alipona. Mzee Mwishehe alikwenda kumwomba radhi Eufrazia. Mama yule aliitikia kutoka ndani, lakini hakufungua mlango.

Njiani, Baba alimwambia Hamisa, "Nassibu alisema kweli mbili: mama yule alikuja, nasi tukaumwa. Uongo aliuficha kwenye 'basi'. Jambo kufuata jingine si kusababishwa nalo. Mtu akikwambia 'basi', muulize amejuaje. Mie sikuuliza, nikabeba panga."